Upasuaji wa kupitia puani: maisha yanakuwaje baada ya kutoka hospitali?

Ukikaa kwenye kijiwe cha kahawa Mtwara mjini, au ukisubiri basi stendi ya Lindi, hukosi kumsikia mtu akisimulia habari za ndugu yake aliyepelekwa Dar es Salaam akatolewa uvimbe wa kichwani kwa kupitia puani. Wa pili ataitikia kwamba hata mtoto wa jirani yake alitolewa nyama za puani. Wa tatu atakata shauri kwamba mambo hayo ni ya hatari, kwani anamjua mtu ambaye tangu apasuliwe hanusi kitu, na mwingine ambaye nyama zilimrudia, fedha ikawa imepotea bure.

Kila mmoja hapo ana sehemu ya ukweli, ila wanazungumzia matibabu tofauti kana kwamba ni kitu kimoja. Matokeo yake yananiumiza. Kuna wanaokataa matibabu ambayo yangewarudishia usingizi, na wengine hata macho. Na kuna wanaokubali wakiamini watatoka hospitali wakivuta hewa vizuri, kisha siku ya tano pua inaziba kuliko mwanzo, wanaingiwa na hofu, wanaacha dawa. Jinsi upasuaji wenyewe unavyofanyika watu huelezwa. Kinachoelezwa kidogo ni miezi inayofuata, na huko ndiko mgonjwa anakoishi.

Pua na vyumba vyake

Tuanze na maumbile. Nyumba zetu nyingi za pwani zina mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, na vyumba kulia na kushoto. Pua nayo imejengwa hivyo. Tundu ndilo mlango, njia ya hewa ndiyo ukumbi, na pembeni kuna vyumba vyenye hewa ndani ya mifupa ya uso. Vyumba hivyo ndivyo sainasi. Viko jozi nne: mashavuni, kati ya macho, juu ya nyusi, na jozi ya mwisho iko ndani kabisa, mwisho wa ukumbi, karibu na katikati ya kichwa.

Kila chumba kina mlango mdogo unaofungukia ukumbini. Kuta zake zimefunikwa na utando laini unaotoa ute, na juu ya utando huo kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho vinavyousukuma ute hadi mlangoni, ukatoka, ukashuka kooni tukaumeza bila kujua. Utando ukivimba mlango unazibika. Ute unabaki ndani, unakuwa mzito, vijidudu vinapata makazi. Mtu anasikia uzito usoni, pua inaziba, makamasi mazito yanateremka kooni, harufu inapotea. Hali hiyo ikidumu wiki 12 au zaidi, madaktari huihesabu kuwa ugonjwa sugu wa sainasi. Mafua ya wiki moja hayamo humo, hata yawe makali vipi.

Upasuaji unaozungumziwa hutumia endoskopi, yaani kijiti chembamba cha chuma, unene wake karibu milimita 4, chenye lenzi na taa. Huunganishwa na kamera, na daktari hufanya kazi akitazama skrini. Mgonjwa huwa amelala kwa nusu kaputi. Daktari haondoi chumba. Anapanua mlango wake na kutoa kilichouziba, ili chumba kipate hewa na ute upate pa kutokea. Usoni hakuna jeraha, na kwa upasuaji wa sainasi umbo la pua haliguswi.

Wazo hilo la kupanua milango lilikomazwa mjini Graz, Austria, na daktari Walter Messerklinger na mwanafunzi wake Heinz Stammberger, na miaka ya 1980 David Kennedy akalieneza Marekani. Zamani ilikuwa kawaida kukata ufizi juu ya meno, kuvunja ukuta wa sainasi ya shavuni na kuukwangua utando wote. Wazee waliopitia njia hiyo walivimba uso na wengine walibaki na ganzi ya mdomo wa juu, na simulizi zao bado zinatutisha. Upasuaji wa leo ni mwingine kabisa.

Nyama ipi hiyo?

Hapa ndipo mazungumzo ya kijiweni yanapopotea zaidi, kwa hiyo nitachukua nafasi kidogo.

Mtoto anayekoroma, anayelala mdomo wazi na kuumwa masikio mara kwa mara, mara nyingi ana tezi iliyovimba nyuma ya pua, juu ya koo. Ni sehemu ya kinga ya mwili, na kwa kawaida hunywea mtoto anapokua. Ikimsumbua sana hutolewa, na kwa watoto wengi shida huishia hapo.

Mtu mzima mwenye mzio wa vumbi ana kitu kingine. Kila binadamu ana mikunjo ya nyama kwenye kuta za pua. Kazi yake ni kuipasha hewa joto na kuipa unyevu kabla haijafika mapafuni. Mzio ukipanda, mikunjo hiyo inavimba na pua inaziba, leo upande huu, kesho ule. Mtu akijimulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo anaona donge jekundu, anaamini ameota nyama. Hajaota kitu, hicho ni kiungo chake alichozaliwa nacho. Asiye daktari asikiguse, wala kukichoma kwa dawa yoyote, hata akikuahidi kwamba kitadondoka chenyewe.

Nyama halisi zilizoota ni za aina ya tatu. Ni laini, rangi yake imefifia, haziumi zikiguswa, na huota kwa sababu utando wa sainasi umevimba kwa muda mrefu. Huwapata watu wazima zaidi, na wengi wao wana pumu pia. Wapo hata ambao aspirini na dawa za maumivu za jamii yake huwabana kifua. Nyama za aina hii kwa kawaida huwa pande zote mbili. Mtu mzima akiwa na nyama upande mmoja tu, hasa ikiwa inatoa damu, asikae nayo. Aende haraka, kwa kuwa huenda ni uvimbe wa aina nyingine.

Ukijua ni nyama ipi unajua pia utegemee nini. Mtoto aliyetolewa tezi na mtu mzima mwenye nyama na pumu wanaweza kupasuliwa siku moja kwenye hospitali moja, lakini maisha yao baadaye hayafanani.

Ubora wa maisha unapimwaje?

Daktari anaweza kuangalia picha ya kompyuta, yaani CT, akasema sainasi ni safi, na mgonjwa akasema bado anateseka. Kinyume chake kipo pia. Ndiyo maana wataalamu wa pua walitengeneza dodoso anazojaza mgonjwa mwenyewe. Inayotumika sana duniani ni SNOT-22, yenye maswali 22. Kila swali linapewa alama kutoka 0, yaani hakuna shida, hadi 5, yaani shida haiwezi kuwa mbaya zaidi. Jumla ya juu kabisa ni 110, na kadiri alama zinavyokuwa nyingi ndivyo mtu anavyoteseka.

Ukisoma maswali yenyewe unaona jinsi ugonjwa huu ulivyo mpana. Yapo ya pua: kupenga, kupiga chafya, kuziba, ute mzito, harufu. Yapo ya masikio na maumivu ya uso. Halafu yanafuata ambayo watu wengi hawadhani yanahusiana na pua: unapata shida kusinzia? Unaamka usiku? Unaamka umechoka? Kazi yako imepungua? Unashindwa kutuliza akili kwenye jambo moja? Una huzuni, unakasirika upesi, unaona aibu mbele za watu?

Nadhani maswali haya ya mwisho yana uzito kuliko yote. Mama lishe wa pale ferry, karibu na bahari, anayeamka saa kumi usiku kila siku hakwenda hospitali kwa sababu ya utando kuvimba. Alikwenda kwa sababu hapati usingizi, na asipolala anaunguza vitumbua na kugombana na wateja.

Tafiti zilizokusanya matokeo ya upasuaji wa sainasi zinaonyesha kwamba kwa wastani alama hushuka kwa zaidi ya 20. Ili mtu mwenyewe ahisi kweli kuna nafuu, inatosha zishuke karibu 9. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini wastani huficha mengi. Waliokuwa na alama nyingi kabla ndio hupata nafuu kubwa, na waliokuwa na alama chini ya 20 mara nyingi hawahisi tofauti ya maana. Kwa hiyo anayesumbuliwa kidogo tu, ambaye dawa inamtosha, hana haraka ya kwenda kwenye kisu.

Uingereza waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 3,000 waliopasuliwa kuanzia mwaka 2000. Baada ya miaka mitano nafuu ilikuwa bado ipo kwa wengi wao. Hata hivyo, karibu mmoja kati ya watano alikuwa amepasuliwa tena. Yule wa kijiweni aliyesema nyama hurudi hakudanganya. Alichokosea ni kusema fedha imepotea bure, kwa kuwa hata kati ya wanaorudi kuna waliopata miaka kadhaa ya kulala usingizi. Isitoshe, nyama hurudi kwa sababu kinachovimbisha utando hakikukatwa. Kisu kinafungua mlango, ila kuuzuia utando usivimbe tena ni kazi ya dawa na ya kusafisha pua.

Wiki za kwanza ni ngumu

Hebu tulione hili kwa karibu. Mgonjwa anaamka, pua imejazwa pamba maalumu au kitu kama sponji, anahema kwa mdomo, koo kavu. Sponji likishatolewa anapata unafuu wa siku moja mbili, kisha ndani kunaanza kuota magamba ya damu iliyoganda na ute mkavu, utando wenyewe unavimba kwa kujeruhiwa, na pua inafunga tena. Mate yana rangi ya damu ya kahawia. Kichwa kizito. Hata chai haina ladha. Kwa upasuaji wa sainasi hali hii ni ya kawaida kwa wiki mbili hivi, na kwa wengine hufika ya tatu.

Kila daktari wa pua anayajua mazungumzo ya simu ya siku hizo.

"Shikamoo dokta. Mama huku analia, anasema pua imeziba kuliko alivyokuja huko."

"Marahaba. Homa anayo? Damu mbichi inatiririka? Macho je, anaona vizuri?"

"Hapana, hana homa, macho mazima, ila pua."

"Basi mwambie mama asiogope, ni magamba hayo. Anasafisha mara ngapi kwa siku?"

Kimya kinafuata, halafu: "Anaogopa kuitia maji, dokta."

Na kutia maji ndiko kunakoamua mambo. Maji ya chumvi huyalainisha magamba, yakatoka bila kuchunwa, na mlango uliopanuliwa hauwahi kushikana kwa kovu. Chemsha maji, yatokote kabisa walau dakika moja, yafunike yapoe hadi yawe vuguvugu. Kwenye nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi safi, cha kusawazisha, si cha kurundika. Inama juu ya beseni, fungua mdomo, elekeza chupa laini au bomba la sindano lisilo na sindano kwenye tundu moja, sukuma polepole huku ukihema kwa mdomo. Maji yatatokea tundu la pili au mdomoni. Mara ya kwanza mtu hushtuka. Kisha linatoka gamba refu, jeusi, lenye harufu mbaya, na baada ya hapo hewa inapita. Anayeliona hilo mara moja haambiwi tena asafishe.

Maji lazima yawe yamechemshwa. Maji ya kisima au ya bomba yanayofaa kuogea hayafai kuingizwa ndani ya pua, kwani kuna vimelea, adimu lakini wa kuua, wanaopanda hadi kwenye ubongo kwa njia hiyo. Na sisi wa pwani tuna jambo letu. Watu husema bahari inatosha, ukiogelea pua inasafika. Chumvi ya bahari ni karibu mara nne ya ile ya damu yetu, inaunguza utando uliojeruhiwa, na maji yenyewe hayajachemshwa. Chumvi ya mawe iliyotoka moja kwa moja kwenye mashamba ya chumvi nayo ina mchanga na uchafu. Baharini usiingie mpaka daktari aseme pua imepona.

Dawa za kupulizia zinachanganywa pia, na kosa hili nalikuta kila mahali. Kuna matone ya duka la dawa yanayozibua pua ndani ya dakika chache. Hayo yanabana mishipa ya damu, na ukiyatumia zaidi ya siku tatu hadi tano pua inayazoea, ikaziba zaidi kila yakiisha. Wapo watu wazima wanaotembea na kichupa mfukoni mwaka wa tatu sasa, na ugonjwa wao mkubwa ni hicho kichupa. Kuna dawa nyingine ya kupuliza, yenye steroidi kidogo, ambayo haizibui papo hapo. Inatuliza uvimbe taratibu, kwa wiki, na mwenye nyama anaweza kuandikiwa aitumie miezi mingi au miaka. Watu huacha ya pili kwa sababu "haifanyi kazi" na kung'ang'ania ya kwanza kwa sababu inafanya kazi upesi.

Harufu

Katika yote yanayomsumbua mgonjwa wa pua, hili ndilo jamaa zake hulichukulia kwa wepesi. Ulimi unajua chumvi, sukari, uchachu, uchungu na utamu wa nyama ya supu. Vilivyobaki vyote, pweza kuwa pweza, nazi kuwa nazi, korosho iliyokaangwa kuwa korosho, ni kazi ya pua. Mtu aliyepoteza harufu hula ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki kama wajibu. Anapungua, au anaongeza chumvi na pilipili mpaka presha inapanda. Anaanza kujiuliza kama ananuka, anakaa mbali na watu.

Kuna na hatari zake. Samaki aliyeanza kuharibika humjui. Sufuria inaungua humo ndani wewe uko uani. Gesi ya mtungi hutiwa harufu kali makusudi ili ikivuja ijulikane, na onyo hilo halikufikii. Mwenye shida hii amwambie anayeishi naye, mtungi ufungwe kila baada ya kupika, na vyakula viandikwe siku vilipopikwa au mtu mwingine avinuse.

Je, upasuaji huipoteza harufu au huirudisha? Kwa mwenye nyama, harufu mara nyingi ilishapotea kabla ya kisu, kwa kuwa hewa haifiki juu kwenye paa la pua ambako mishipa ya kunusia imetandazwa. Nyama zikitolewa wengi huanza kunusa tena, ingawa si wote, na nyama zikianza kurudi harufu huwa ya kwanza kuondoka. Kuna pia zoezi la kuifundisha pua, lililoanzia Ujerumani: unanusa harufu nne, asubuhi na jioni, kila moja kwa sekunde ishirini hivi, kwa muda wa wiki 12 au zaidi. Zinazotumika ni karafuu, limau, mkaratusi na waridi. Karafuu na limau utazikosaje Mtwara? Sharti ni kufuatisha kila siku, na kuikumbuka harufu hiyo akilini wakati unanusa.

Wanaotolewa uvimbe wa kichwani

Sasa turudi kwenye ile nyumba. Chumba cha mwisho wa ukumbi, sainasi ya ndani kabisa, kina ukuta wa nyuma, na nyuma ya ukuta huo imekaa tezi pituitari. Uzito wake ni karibu nusu gramu tu, lakini ndiyo inayoziongoza tezi nyingine za mwili. Uvimbe ukiota pale, njia fupi ya kuufikia haipiti utosini. Daktari anapita ukumbini, anaingia chumba cha mwisho, anatoboa ukuta. Ubongo hausogezwi, nywele hazinyolewi. Hapa nchini Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambayo licha ya jina lake inatibu pia ubongo na mishipa ya fahamu, ni mojawapo ya mahali upasuaji huo unapofanyika.

Vivimbe vingi vya hapo si saratani. Shida yake ni mahali vilipo. Juu ya tezi inapita mishipa ya macho, na ikikandamizwa mtu anapoteza kuona kwa pembeni, kulia na kushoto, huku mbele akiona. Dereva wa bodaboda haioni gari inayotokea ubavuni. Mama anagonga bega kwenye fremu ya mlango wa nyumba aliyoishi miaka yote. Wengine huongezeka viganja na miguu, pete haivuki kidole, viatu vinabana mtu mzima. Wengine maziwa hutoka bila mimba. Kwa uvimbe unaotoa homoni ya maziwa, matibabu ya kwanza kwa kawaida ni vidonge, na wengi hawafiki kwenye kisu kabisa. Kwa hiyo si kila aliyeambiwa ana uvimbe wa pituitari atapasuliwa.

Aliyepasuliwa kwa njia hii hakuwa na ugonjwa wa pua, na ndiyo sababu pua yake humshangaza. Alikwenda kutibiwa macho, anarudi na magamba, pua imeziba na harufu imepungua. Tafiti zinaonyesha kwamba hali ya pua huwa mbaya zaidi karibu na wiki ya pili, na kwa wengi hurudi ilivyokuwa kufikia mwezi wa tatu. Pale utando wa pua ulipokatwa ukatumika kuziba tundu chini ya ubongo, magamba hukaa muda mrefu zaidi. Macho, kwa upande mwingine, yanaweza kuanza kufunguka ndani ya siku chache, na hapo mgonjwa huliona suala la pua kwa uzito tofauti.

Masharti yake ni makali kuliko ya sainasi. Asipenge. Chafya aitoe mdomo wazi. Asinyanyue ndoo, asiiname kupepeta, asijikamue chooni, dawa ya kulainisha choo ataipewa. Hata kusafisha pua anasubiri daktari amruhusu. Sababu ni kwamba kiraka kilichozibwa chini ya ubongo kinahitaji utulivu kishike. Na kuna dalili ambazo haziachwi zilale: maji maangavu yanayodondoka tundu moja, yakiongezeka akiinama, na kushuka kooni yakiwa na ladha ya chumvi. Hayo huenda yakawa maji ya ubongo, na njia inayoyatoa ndiyo itakayoingiza vijidudu. Shingo kukaza pamoja na homa. Kiu isiyokatika na mkojo mwingi mweupe usiku kucha. Au, siku ya tano hadi ya kumi, kichwa kuuma, kichefuchefu na kuongea ovyo, dalili ya chumvi ya damu kushuka. Kila moja ni ya kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Baadhi yao huandikiwa vidonge vya homoni vya kumeza maisha yote. Jamaa wasiojua humshauri aviache kwa kuwa "umeshapona". Kuacha ghafla haidrokotisoni, mojawapo ya homoni hizo, kwa mtu ambaye mwili wake hauitengenezi tena, kunaweza kumwua kwa malaria ya kawaida tu au kuhara. Akiumwa hata homa, dozi inaongezwa kama daktari wake alivyoelekeza, haipunguzwi.

Na hofu ya kupofuka au kutobolewa ubongo kwenye upasuaji wa sainasi? Haikuzuka hewani. Ukuta unaotenga sainasi na jicho ni mwembamba sana, na paa lake ndilo sakafu ya ubongo. Madhara makubwa ya namna hiyo hutokea kwa chini ya mmoja kati ya wagonjwa mia. Kwa hiyo picha ya CT hupigwa kabla, na ni haki yako kumuuliza daktari aliyoyaona humo.

Msimu na masafa

Kwetu kuna jambo ambalo hulikuti kwenye vitabu vya nje. Mikorosho inapotoa maua, kuanzia mwezi wa sita na kuendelea, mashamba ya Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa hupuliziwa salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Unga ule unawasha macho na pua hata ya mtu mzima wa afya. Utando uliopasuliwa mwezi uliopita hauuwezi. Mkulima anayeweza kuchagua, aipange tarehe ili apate miezi miwili mitatu ya kupona kabla ya kupuliza, au kazi hiyo mwaka huo ifanywe na mwingine. Akilazimika kuwa shambani, avae barakoa nzito, akae upande upepo unakotoka, na asafishe pua jioni. Moshi wa kuni jikoni na wa kubangulia korosho ni vivyo hivyo.

Halafu barabara. Mtwara hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 560, na pua iliyopasuliwa inahitaji kuonwa tena na daktari, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza au mbili, ili magamba yatolewe kwa kamera. Mtu akipanda basi siku ya tatu baada ya upasuaji na damu ikaanza kutoka njiani usiku, hali inakuwa ngumu. Bajeti ya upasuaji ihesabu na siku za kukaa kwa ndugu mjini mpaka ile miadi ya kwanza ipite. Kabla ya kuondoka chukua nakala ya maelezo ya upasuaji, CD au filamu ya CT, orodha ya dawa na namba ya simu ya kliniki. Ukifika nyumbani, peleka nakala hizo hospitali ya Ligula Mtwara, ya Sokoine Lindi au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, kutegemea ulipo, na uulize ni nani anayeona wagonjwa wa masikio, pua na koo na siku zake. Fanya hivyo ukiwa mzima, usisubiri pua itoe damu ndipo uanze kutafuta.

Lile dodoso la maswali 22 unaweza kulitumia hata bila fomu. Kabla ya upasuaji andika kwenye daftari: usiku naamka mara ngapi, nanusa nini na sinusi nini, kazi gani imenishinda, uso unauma kiasi gani kutoka 0 hadi 5. Jaza tena mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, na uende nalo kliniki. Daktari akiuliza "unaendeleaje, mama?" wengi wetu hujibu "namshukuru Mungu" tukanyamaza, na dawa inaandikwa kwa kukisia. Ukimwonyesha kwamba mwezi wa tatu ulikuwa unanusa kahawa na mwezi wa sita huinusi, atajua aangalie wapi, na huenda nyama zikakutwa zikiwa ndogo, za kutulizwa kwa dawa bila kisu cha pili.